Kuhifadhi na kurejesha hali ya foleni za vifaa pepe wakati wa kuhamisha mashine pepe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu sehemu moja ya kazi ya kuhamisha mashine pepe bila kuizima: foleni ambazo mgeni hutumia kuzungumza na diski, kadi ya mtandao na vifaa vingine pepe. "Mgeni" ni mfumo unaoendeshwa ndani ya mashine pepe, na "mwenyeji" ni seva inayoubeba. Kwa hiyo kuna mwenyeji wa kwanza, ambako mgeni anatoka, na mwenyeji mpya, ambako anakwenda. Mifano ni ya virtio (kanuni za pamoja za vifaa pepe), QEMU (programu inayoendesha mashine pepe na kuiga vifaa vyake) na vhost (njia ya kuikabidhi kazi ya foleni kwa kerneli, yaani kiini cha mfumo wa mwenyeji, au kwa programu nyingine, ambayo huitwa vhost-user).

## Misingi

Foleni ya kifaa pepe ni nini hasa?

Ni eneo la kumbukumbu ya mgeni ambalo draiva (programu ya mgeni inayoendesha kifaa) na kifaa hulisoma na kuliandika kwa pamoja. Katika muundo wa kawaida wa virtio lina sehemu tatu. Kuna jedwali la diskripta, na kila diskripta ina baiti 16 zinazoeleza data iko anwani gani, ina urefu gani, na kama kuna diskripta nyingine inayoifuata. Kuna duara la maombi, ambamo draiva huandika namba ya diskripta inayoanzisha kila ombi jipya. Na kuna duara la majibu, ambamo kifaa huandika ni ombi lipi kimelimaliza na kimejaza baiti ngapi.

Kila duara lina kaunta yake ya biti 16. Kaunta hiyo huongezeka tu, na ikipita 65535 huanza tena kwenye 0. Nafasi halisi ndani ya duara hupatikana kwa kugawanya kaunta kwa ukubwa wa foleni na kuchukua baki. Ukubwa wenyewe lazima uwe kipeo cha 2, usiozidi 32768.

Kama foleni imo kwenye kumbukumbu ya mgeni, na kumbukumbu yote inahamishwa, kuna nini tena cha kuhifadhi?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na lina haki ya kuulizwa. Jedwali na maduara yote mawili huhama pamoja na kurasa nyingine za kumbukumbu, bila mtu kuyashughulikia. Kinachobaki nyuma ni kile ambacho kifaa kinakijua na hakijakiandika popote ambapo mgeni anaweza kukiona.

Cha kwanza na kikubwa ni jibu la swali hili: kifaa kimeshachukua maombi mangapi kutoka kwenye duara? Draiva inatangaza imeweka mangapi. Kifaa kinatangaza kimemaliza mangapi. Lakini idadi ya yaliyochukuliwa, yakiwemo ambayo bado yanashughulikiwa, ni siri ya kifaa. QEMU huiita `last_avail_idx`. Ni baiti mbili tu. Ikihifadhiwa ikiwa na kosa la moja tu, kifaa kwa mwenyeji mpya kitaruka ombi ambalo mgeni atalisubiri milele, au kitatekeleza mara ya pili ombi lililokwisha kujibiwa. Kwa kadi ya mtandao hilo ni usumbufu. Kwa diski linaweza kuwa data iliyoharibika, na uharibifu wa aina hii hauonekani siku hiyohiyo.

Orodha kamili ya vitu vya kuhifadhi ni ipi?

Kwa kila foleni: ukubwa wake, anwani za sehemu zake tatu, kama draiva imeiwasha, `last_avail_idx`, na namba ya ishara ya kukatiza (ambayo kifaa hutumia kumwita mgeni) iliyopangiwa foleni hiyo. Kwa kifaa kizima: biti za uwezo zilizokubaliwa kati yake na draiva, rejista ya hali, na mipangilio ya kifaa kama vile anwani ya MAC (utambulisho wa kadi ya mtandao) au ukubwa wa diski. Juu ya hayo yapo maombi yaliyo njiani, ambayo yana sehemu yake hapa chini.

Vifaa vya kizamani, vya kabla ya virtio 1.0, vilikuwa na anwani moja tu kwa kila foleni, na sehemu nyingine zilikokotolewa kutoka hapo. Tangu 1.0 anwani ni tatu na kila moja inaweza kuwa popote. Ukiandika msimbo wa kuhifadhi ukidhani bado zinafuatana, utafanya kazi vizuri kwenye majaribio yako hadi siku utakapokutana na draiva inayozitawanya.

Kwa nini kaunta ya majibu haihifadhiwi kama ilivyo ile nyingine?

Kwa sababu imeandikwa kwenye kumbukumbu ya mgeni. Mwenyeji mpya anaisoma hukohuko baada ya kurasa kufika. Kuihifadhi mara ya pili kungeleta nakala mbili za ukweli mmoja, na siku zikitofautiana hutajua uamini ipi. Hili ni kweli kwa foleni ya kawaida tu. Foleni fungamani, muundo mpya zaidi unaoelezwa hapa chini, ina kanuni nyingine.

## Mpangilio wa hatua

Hatua za upande wa kwanza zifuatane vipi?

Kurasa nyingi huhamishwa mgeni akiwa bado anafanya kazi, kwa mizunguko, hadi zilizobaki ziwe chache. Hapo prosesa za mgeni husimamishwa. Kisha kifaa kinaacha kuchukua maombi mapya. Kisha maombi yaliyo njiani yanamalizwa au yanaorodheshwa. Kisha kaunta inasomwa. Na baada ya hayo yote ndipo kurasa za mwisho zinapotumwa, pamoja na hali ya kifaa.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayokosewa. Ombi likimalizika, kifaa huandika data kwenye kumbukumbu ya mgeni na jibu kwenye duara la majibu. Ukituma kurasa za mwisho kabla maombi hayajatulia, mwenyeji mpya atapokea kaunta ya sasa na duara la zamani.

Naweza kusoma kaunta kifaa kikiwa bado kinafanya kazi, ili kuokoa muda?

Hapana. Kusimamisha prosesa za mgeni hakusimamishi kifaa. Kifaa kinaweza kuwa uzi mwingine, programu nyingine, au kadi halisi, na maombi yaliyokuwa kwenye duara bado yapo ya kuchukuliwa. Namba uliyoisoma inaweza kuwa imepitwa na wakati kabla hujaiandika kwenye mkondo, yaani data inayotumwa kwa mwenyeji mpya. Kwenye vhost-user ujumbe wa `GET_VRING_BASE` umeundwa kwa kulizingatia hilo: unasimamisha foleni na kurudisha kaunta kwa pamoja, na huo ndio mpangilio ninaoushauri hata kwa anayebuni kitu chake mwenyewe.

Mwenyeji anajuaje kurasa zipi zimeandikwa na kifaa?

KVM, sehemu ya kerneli ya Linux inayoendesha mashine pepe, hufuatilia kurasa zinazoandikwa na prosesa za mgeni. Haioni zinazoandikwa na kifaa. Kifaa kilicho ndani ya QEMU huziwekea alama chenyewe. Kifaa cha vhost hupewa ramani ya biti ya pamoja, na kila kinapoandika kwenye ukurasa wa baiti 4096 kinawasha biti yake. Mgeni mwenye GiB 4 za kumbukumbu ana kurasa 1,048,576, hivyo ramani yake ni KiB 128 tu.

Jambo moja husahaulika: duara la majibu nalo ni kumbukumbu inayoandikwa na kifaa. Wapo wanaoweka alama kwenye kurasa za data na kuliacha duara lenyewe. Data inafika salama, lakini mgeni haambiwi kamwe kwamba imefika. Vhost ina bendera ya peke yake kwa ajili ya duara hili. Ikaguliwe kabla ya kitu kingine chochote mgeni anapokwama baada ya kuhama.

## Maombi yaliyo njiani

Ombi limechukuliwa lakini halijajibiwa. Nifanye nini nalo?

Kuna njia mbili za uaminifu. Ya kwanza ni kusubiri hadi yote yamalizike, ndipo uhifadhi. Hivyo ndivyo QEMU inavyofanya kwa diski mashine inaposimama, na ningeichagua kila inapowezekana, kwa kuwa baada ya hapo hakuna cha kueleza: kilichochukuliwa kimejibiwa, na kaunta mbili zinalingana.

Gharama yake ni muda. Kikomo cha kawaida cha QEMU cha muda wa mgeni kusimama ni milisekunde 300, na hifadhi ya mbali iliyoelemewa inaweza kuumaliza muda wote huo kwa ombi moja.

Njia ya pili ni kuyabeba: kuandika kwenye mkondo, kwa kila ombi, namba ya diskripta inayolianzisha na anwani zake, ili mwenyeji mpya ayatoe upya. Hapo lazima uwe na uhakika kwamba kulirudia ombi hakuna madhara, na kwamba mwenyeji wa kwanza hatalimalizia baadaye. Ombi la kuandika diski likichelewa upande wa kwanza, kisha likatua baada ya mgeni kuandika kitu kipya palepale kutoka upande wa pili, limefuta data mpya kwa data ya zamani.

Kwa nini nisiirudishe kaunta nyuma hadi ilingane na ya majibu, kisha nirudie yaliyo katikati?

Kwa sababu maombi hayamaliziki kwa mpangilio yaliyochukuliwa. Chukua maombi matatu: A, B na C, yote yamechukuliwa. C limemalizika peke yake. Kaunta ya majibu imesogea hatua moja, kwa hiyo ukirudisha nyuma hadi hapo utabakiwa na nafasi mbili za mwisho, yaani B na C. Utarudia C ambalo limekwisha, na A halitajibiwa kamwe. Tofauti ya kaunta inakwambia ni mangapi yamebaki, haikwambii ni yapi.

Kuna undani mwingine unaostahili kufahamika. Hata kulichungulia duara la maombi kutafuta namba ya ombi lililochelewa hakutoshi. Foleni ikiwa na nafasi 256, na ombi moja likachelewa huku mengine yakipita haraka, draiva itazunguka duara na kuandika juu ya nafasi ambayo ombi hilo liliwekwa. Diskripta zake bado zipo kwenye jedwali, lakini hakuna tena kitu kwenye duara kinachozielekezea. Kifaa pekee ndicho kinachokumbuka. Ndiyo maana orodha ya yaliyo njiani lazima itoke kwa kifaa, isibuniwe kutokana na kumbukumbu.

Mbinu ya kurudisha nyuma ni salama pale tu ambapo kifaa hujibu kwa mpangilio uleule kilichochukua, na kurudia hakudhuru. Kadi za mtandao mara nyingi ziko hivyo. QEMU huitumia pale programu ya vhost-user inapokatika ghafla bila kutoa kaunta yake.

Ombi lililokwama kwa hitilafu ya diski je?

Mashine ikiwa imepangwa isimame diski inaposhindwa, ombi hilo halijamalizika na haliwezi kusubiriwa. QEMU huliweka kwenye orodha, huliandika kwenye mkondo pamoja na diskripta zake, na mwenyeji mpya hulijaribu tena mgeni anapoendelea.

Na pakiti za mtandao?

Pakiti inayopotea hutumwa tena na itifaki za juu, kwa hiyo hapa tunaweza kupumua. Kinachohitajika ni kuujulisha mtandao kwamba anwani ya MAC imehamia mlango mwingine wa swichi. QEMU hutuma matangazo ya RARP (ujumbe mfupi unaoionyesha swichi anwani hiyo iko wapi) kwa niaba ya mgeni, na draiva iliyokubali uwezo wa kujitangaza hutuma yake.

## Kurejesha kwa mwenyeji mpya

Nikague nini kabla ya kuikubali hali iliyofika?

Mkondo usiuamini hata kidogo. Umetoka kwenye seva nyingine, pengine yenye toleo jingine la programu, na kumbukumbu iliyo ndani yake iliandikwa na mgeni ambaye hakuna aliyemkagua.

Kwanza, toa `last_avail_idx` kwenye kaunta ya maombi. Jibu lisizidi ukubwa wa foleni. Pili, toa kaunta ya majibu kwenye `last_avail_idx`. Nalo lisizidi ukubwa wa foleni. Hesabu zote mbili zifanywe kwa biti 16 zisizo na alama ya hasi. Kaunta ya maombi ikiwa 4 na `last_avail_idx` ikiwa 65530, tofauti ni 10, siyo hasi 65526. Ukilinganisha kwa "kubwa kuliko" utakataa mashine nzima isiyo na kosa, na kosa litajitokeza tu foleni inapokuwa karibu na kupinduka, ambapo majaribio ya dakika mbili hayafiki.

Ukikutana na ujumbe wa QEMU wenye maneno `Guest index ... inconsistent with Host index`, ukaguzi wa kwanza umeshindwa. Usiuzime ukaguzi huo. Karibu kila mara una maana kwamba kaunta na kumbukumbu vilichukuliwa nyakati tofauti. Rudi kwenye mpangilio wa hatua.

Kila kitu kimekubaliwa, hakuna hitilafu, lakini mgeni amekwama. Tatizo liko wapi?

Mara nyingi ni ishara iliyopotea. Draiva iliweka ombi na kukipigia kifaa kengele sekunde ileile mashine ilipokuwa inasimamishwa. Ombi limo kwenye duara na limehama. Kengele haikuhama, kwa kuwa si kumbukumbu. Sasa kifaa kipya kinasubiri kuitwa, na draiva inaamini imeshaita.

Dawa ni kila foleni kujikagua mara moja inapoanza, bila kusubiri kuitwa, na QEMU hufanya hivyo. Kwa upande wa pili, mtumie mgeni ishara ya kukatiza hata kama huna uhakika kwamba anaihitaji: draiva ya virtio ikiitwa bure hutazama duara, haikuti kitu, na kurudi. Ishara moja ya ziada haimgharimu mtu chochote. Ishara moja iliyokosekana inasimamisha diski.

Tahadhari hiyo ina uzito zaidi pale draiva na kifaa vimekubaliana kupunguza ishara kwa kutaja kaunta ambayo mwenzake anataka kuitwa ikifikiwa. Kifaa hukumbuka kaunta ya ishara yake ya mwisho. Usipoihifadhi, ichukulie kuwa haijulikani na utume ishara inayofuata bila masharti.

Mwenyeji mpya hana uwezo mmoja ambao mgeni ameshaukubali.

Uhamishaji ukataliwe. Draiva iliulizwa mara moja tu, ilipowaka, na haitaulizwa tena. Kuzima biti kimyakimya kunaifanya iandike foleni kwa lugha ambayo kifaa hakiisomi. Panga mapema: tumia aina ya mashine yenye toleo lililotajwa pande zote mbili, na uwezo usiopatikana kwenye seva zote uzimwe tangu mgeni anapowashwa.

## Foleni fungamani

Foleni fungamani ya virtio 1.1 inabadilisha nini?

Mengi. Hapa hakuna maduara mawili. Draiva na kifaa huandika kwenye duara moja la diskripta, na hakuna kaunta kwenye kumbukumbu. Diskripta mpya hutambuliwa kwa biti mbili za bendera zikilinganishwa na biti ya mzunguko, ambayo hugeuka kila duara linapokamilika. Biti ya mzunguko imo kichwani mwa draiva na kichwani mwa kifaa.

Kwa hiyo hifadhi vitu vinne: nafasi ya maombi na biti yake ya mzunguko, nafasi ya majibu na biti yake. Kwenye vhost-user vinapakiwa kwenye namba moja ya biti 32: biti 16 za chini ni za maombi, 16 za juu ni za majibu, na katika kila nusu biti ya juu kabisa ndiyo ya mzunguko. Ukiipoteza biti hiyo, kifaa kitaona diskripta za zamani kuwa mpya, au hakitaona mpya hata moja.

Na kuhusu kuyarudia maombi yaliyo njiani, mlango umefungwa kabisa. Kifaa huandika jibu kwenye nafasi inayofuata ya duara hilohilo, hata kama nafasi hiyo ilikuwa na diskripta ya ombi lingine ambalo halijamalizika. Maelezo ya ombi hilo yamefutwa kwenye kumbukumbu. Subiri yamalizike, au kifaa kiwe na nakala yake.

## Kifaa kilicho nje ya QEMU

Kwenye vhost nani anaijua kaunta?

Anayeshughulikia foleni: kerneli au programu ya vhost-user. QEMU huomba kwa `GET_VRING_BASE` upande wa kwanza na kuikabidhi kwa `SET_VRING_BASE` upande wa pili. Mkondo wenyewe hautofautiani, na hilo lina faida: mgeni anaweza kutoka kwenye vhost ya kerneli akaingia kwenye kifaa cha QEMU, mradi biti za uwezo zinalingana.

Programu ya vhost-user ikifa katikati ya kazi?

Huo si uhamishaji, lakini tatizo ni lilelile la kujua ni maombi yapi hayajajibiwa. Itifaki ina eneo la kumbukumbu la pamoja ambamo programu huandika kila ombi linapochukuliwa na linapomalizika, na QEMU hulitunza programu inapokufa. Inayozaliwa upya hulisoma na kuendelea.

Kadi halisi ya mtandao kupitia vDPA, yaani kadi inayoshughulikia foleni za virtio yenyewe?

Kadi lazima iweze kusimama kwa amri na kutoa kaunta iliyotulia. Isipoweza kufuatilia kurasa inazoandika, QEMU hujiweka katikati kwa foleni kivuli: kadi inafanya kazi na foleni ya QEMU, na QEMU inanakili maombi na majibu kwenda na kurudi, ikiweka alama kwenye kurasa. Prosesa hulipa gharama hiyo kwa muda wa uhamishaji.

Usiisahau foleni ya amri. Kupitia hiyo mgeni alibadilisha anwani ya MAC, akaweka vichujio vya VLAN (migawanyo ya mtandao) na kuchagua idadi ya jozi za foleni. Amri hizo zilishajibiwa na hazimo tena kwenye foleni. Lazima kuna aliyezikumbuka, ili azirudie kwa kadi mpya kabla ya foleni za data kuanza.

## Hali za pembezoni

Uhamishaji umeshindikana baada ya kaunta kusomwa. Mgeni anaweza kuendelea alipokuwa?

Ndiyo, kwa masharti mawili. Kirudishie kifaa kaunta ileile kilichokupa kisha uiwashe foleni, kwa kuwa kusoma kuliisimamisha. Na hakikisha mwenyeji mpya hajaanza. Vifaa viwili vikishughulikia diski moja, hakuna kaunta itakayowaokoa.

Foleni ambazo draiva haikuziwasha nazo zihifadhiwe?

Hifadhi kwamba hazijawashwa, na usizikague. Anwani zake ni 0, na kusoma kaunta hapo ni kusoma kumbukumbu isiyohusika. Foleni iliyowekwa upya peke yake, mgeni akiendelea, iangalie kwa jicho hilohilo.

Na ikiwa kumbukumbu inafuata baadaye, mgeni akiwa ameshaanza kwa mwenyeji mpya?

Ukaguzi wa kaunta unasoma maduara, na huenda ukurasa wa duara haujafika. Kwa hiyo huduma ya kuomba kurasa lazima iwe imewashwa kabla ya hali ya vifaa kupakiwa, na QEMU hupokea hali yote ya vifaa kama kifurushi kimoja kwanza, ndipo inaifungua. Programu ya vhost-user nayo lazima isajili kumbukumbu yake kwa `userfaultfd`, huduma ya Linux inayotoa taarifa ukurasa ambao haujafika unapoguswa. Isipofanya hivyo itasoma sufuri mahali ambapo data bado iko njiani, na itaziamini.